Daktari wa Jumamosi

Maneno ya bibi yangu niliyasikia tena Oktoba iliyopita, Jumamosi mchana, yakitoka kinywani mwa mwanamume mwenye ndevu aliyevaa fulana ya kazini. "Mnamwona huyu? Kasoma, kasoma, mpaka kasahau kusalimia watu!" Ukumbi mzima wa maktaba kule Sharpstown, Houston, ukaangua kicheko. Binti yangu wa miaka mitano alicheka mpaka akateleza kitini. Mimi sikucheka. Nilijisikia kama mtu aliyekuta shati lake limevaliwa na mwingine, tena limemkaa vizuri kuliko linavyomkaa mwenyewe.

Tulikuwa tumetoka kwetu Katy, nje ya mji, kwa sababu ya tangazo lililopita kwenye kundi letu la simu: sinema ya zamani ya Kimarekani, ya kutisha, kwa Kiswahili, bure, njooni na watoto. Nilidhani watatuwekea maandishi chini ya picha. Kumbe walituwekea mtu. Alisimama kando ya pazia jeupe, na kila aliyefungua mdomo kwenye picha, yeye ndiye aliyemsemea. Na kwenye picha kulikuwa na mambo yale yale ninayoyajua tangu utotoni: mzee wa koti jeupe na macho ya kukosa usingizi, chupa za kioo zinazotokota bila moto, radi dirishani, na kila kitu cheusi na cheupe, kimekwaruzika kwa uzee. Sikuhitaji kumtazama msimulizi mara mbili. Alikuwa mtoto wa jirani yetu wa zamani kule Vickery Meadow, Dallas, yule ambaye bibi alimwita Mume Mdogo. Na mume mkubwa, kama hujakisia, nilikuwa mimi.

Utani wa bibi na mjukuu wa kiume unaujua, sina haja ya kukufundisha. Kwetu Burundi upo, na Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi nilikozaliwa, upo vilevile. Tangu nilipojua kutembea bibi aliniita mume wangu. "Mume wangu, niletee maji." "Mume wangu hajala, nani anataka mume aliyekonda?" Watu wengine huona ni mzaha tu. Mimi niliuchukua kwa uzito wote. Nilikuwa mume, nilikuwa mmoja, na sikuwa na mpango wa kugawana.

Dallas tuliishi wanne kwenye vyumba viwili, ghorofa ya pili: bibi, mama, mjomba na mimi. Jengo letu lilikuwa na ngazi za chuma zilizolia kila mtu alipopanda, hivyo tulijua nani anarudi kabla hajafika. Mlango wetu ulikuwa wa kijani, rangi imebanduka pale mkono unapogonga. Treni ya umeme ilipita mbali kidogo ikipiga kengele yake, na mchana wa Jumamosi uwanja mzima ulinuka vyakula vya dunia nzima: vitunguu vya watu wa Nepali, samaki wakavu wa Wakongo, na sombe yetu, yaani kisamvu, ikichemka na mawese tangu asubuhi. Mama siku za Jumamosi alikuwa kazini, akiwahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee. Mjomba alikuwa hotelini akifua mashuka. Kwa hiyo Jumamosi ilikuwa ya bibi, na watoto wa ngazi ile wote walikuwa wa bibi.

Televisheni aliipata mjomba karibu na mapipa ya taka, nzima kabisa, isipokuwa haikuwa na antena. Antena ilinunuliwa, ikafungwa dirishani. Chaneli zilizoingia zilikuwa chache, na mojawapo kila Jumamosi mchana ilionyesha zile sinema za zamani za wanasayansi waliochanganyikiwa. Bibi alizipenda kuliko kitu chochote cha Marekani. Alisema ni sinema za heshima: wanaume wana tai, wanawake wana magauni marefu, na hata mwovu anavua kofia akiingia nyumbani kwa watu. Katekista wetu angeziona, angeweza kuzivumilia.

Kiingereza hakujua, na hakikumsumbua. Kambini, bibi aliuza karanga za kuchemsha mlangoni mwa kibanda cha video. Ndani ya kibanda alikuwemo kijana mwenye kipaza sauti aliyetafsiri sinema za Kihindi na za Kichina kwa Kiswahili, akiwapa waigizaji majina ya watu wa pale pale kambini. Bibi hakuwahi kuingia. Alisikia tu, kupitia turubai, mwaka baada ya mwaka. Kambini alikuwa na maneno bila picha. Dallas akapata picha bila maneno. Unafikiri angefanya nini?

Basi alitukalisha kwenye mkeka, akatumwagia maharage kwenye sinia ili tuchambue. Hiyo ndiyo ilikuwa tikiti. Tulimwambia maharage ya Marekani hayana mawe, na alitujibu kwamba maharage yasiyo na jiwe hajayaona, na asiyechambua asitazame. Kwa kweli mawe yalikuwemo, mara mojamoja. Jioni mtu akitafuna jiwe, mjomba aliuliza, "Leo nani aliogopa?" kwa maana pale mtoto alipofumba macho ndipo jiwe lilipopita.

Bibi naye akaanza kusema. Alikuwa na kanuni zake, za yule kijana wa kipaza sauti. Mtu akitembea usinyamaze, mpe mawazo. Kila mtu ana ndugu, hata kama hawaonekani. Mwovu hawi mwovu bure, ameudhiwa na mtu. Na chakula kikionekana mezani lazima kitajwe, maana watoto wanataka kujua watu wanakula nini.

Halafu kulikuwa na kosa lake moja, na sisi sote tuliliamini. Bibi hakuweza kutofautisha nyuso za wale waigizaji. Wote weupe, wote na koti jeupe, wote na nywele zilizolala kwa mafuta. Kwa hiyo kwake hazikuwa sinema nyingi. Ilikuwa hadithi moja ndefu, ya Daktari mmoja. Jumamosi hii Daktari anaungua na nyumba yake, Jumamosi ijayo yuko kwenye nyumba nyingine, ana masharubu na jina jipya. Mtoto mmoja alipouliza inakuwaje, bibi alimtazama kwa huruma. "Si amehamishwa? Ameingia ofisini, amehojiwa, amepewa makaratasi mapya. Wewe mwenyewe uliingia nchi hii na tarehe yako ya kuzaliwa?" Nusu yetu tulizaliwa siku moja, mwezi wa kwanza tarehe moja, kwa mujibu wa ofisi hizohizo.

Na Daktari huyo alikuwa na kiumbe chake. Kila sinema ilikuwa na chake, mmoja mrefu, mwingine mwenye manyoya, mwingine amefungwa bandeji, lakini kwa bibi alikuwa yuleyule, na aliitwa Mgeni. Daktari alimwamsha kwa radi, akaogopa alichokifanya, akamfungia ghalani. Sisi tulipomwona Mgeni akinguruma tulijificha nyuma ya mto. Bibi alitukemea. "Hangurumi huyo. Anaomba maji. Si bubu, ni mgeni tu, lugha ya hapa hajaipata." Nakumbuka nilivyokaa wima. Shuleni mwalimu wangu wa kwanza, mama mpole sana, alikuwa amemwandikia mama kwamba pengine nina tatizo la kusema, kwa sababu muhula mzima sikufungua mdomo. Kuanzia Jumamosi ile nilikuwa upande wa Mgeni, na sijahama mpaka leo.

Mwisho wa zile sinema unaujua. Watu wa kijiji wanatoka na mienge, wanapanda mlimani kwenda kuchoma nyumba. Sisi hatukuwahi kuuona. Mwenge wa kwanza ukitokea tu, bibi aliizima televisheni. Hakusema kwa nini. Mjomba ndiye aliyenieleza, nilipokuwa mkubwa, kwamba usiku walipokimbia Burundi bibi alikuwa msichana, na aliona watu wa mienge wakija nyumbani kwao, watu aliowajua kwa majina. Kwetu watoto ilikuwa ni desturi tu: mienge, televisheni kimya, na bibi anatugeukia, maharage mapajani, na kutusimulia mwisho wake mwenyewe. Katika mwisho wa bibi Mgeni hakuungua hata siku moja. Alitokea mlango wa nyuma, akavuka mto, akatembea akitafuta nyumba ambayo jikoni mnafuka moshi na mtu atamwambia karibu. Kila Jumamosi alisogea kidogo. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," bibi alisema, na mjomba akiwepo alidakia, "Siku ya tatu mpe jembe!" wakacheka wote wawili.

Mpaka hapa ungeniona mtoto mwenye furaha. Sasa ngoja nikueleze habari za antena.

Mtoto wa jirani alikuja na familia yake kutoka Kongo, mlango wa pili kutoka kwetu. Mdogo kwangu kwa mwaka hivi, mwembamba, kimya, kamasi haziishi. Jumamosi yake ya kwanza picha ilikuwa inakatika vipande vipande kama kawaida, sauti inaruka, bibi ananuna. Yule mtoto akasimama karibu na dirisha kuangalia treni. Picha ikatulia. Akaondoka, ikakatika. Akarudi, ikatulia, safi, mpaka ukaweza kuhesabu vifungo vya koti la Daktari. Bibi alipiga makofi. "Wewe Mungu kakuumba na umeme! Njoo hapa mume wangu mdogo."

Mume wangu mdogo! Nilimsikia kwa masikio yangu. Na hapohapo kigoda changu, kilichokuwa kando ya kiti cha bibi, kikasogezwa dirishani pamoja na kiti hicho, akakalishwa yeye, bega kwa bega na bibi, mimi nikashushwa mkekani na wengine. Nilijaribu, usidhani sikujaribu. Nilisimama mahali palepale, nikanyoosha mikono, nikasimama kwa mguu mmoja. Siku moja nilijizungushia mkono mzima karatasi ya foili ya kuokea, nikasogea dirishani kwa matumaini makubwa. Picha ilikufa kabisa. Watoto walinicheka wiki nzima, na bibi naye alicheka, huku akifuta machozi kwa ncha ya kitenge, na kicheko cha bibi ndicho kilichoniuma.

Kisha ukaja ukoko. Ukoko wa ugali chini ya sufuria ulikuwa haki yangu tangu kambini. Bibi aliubandua kwa kijiko, ukatoka mzima kama sahani, nikautafuna polepole mbele ya wengine. Sasa alianza kuukata katikati. Nusu kwangu, nusu kwa fundi wa picha. Nilimwambia sitaki nusu. Akanijibu kwa upole kabisa, "Basi atakula mzima," na akampa mzima. Ladha ya ukoko ule nisioula naikumbuka kuliko ya ule niliokula siku zote.

Lakini kibaya zaidi kilikuwa mdomo. Mimi, kwa kuwa nilikaa chini, nilitazama picha. Yeye, kwa kuwa alikaa ubavuni mwa bibi, alimtazama bibi. Nilimwona akichezesha midomo pamoja naye. Alijua wapi bibi atavuta pumzi, wapi atashusha sauti. Kiswahili chake kilikuwa cha Kikongo, cha kupinda, lakini aliposema maneno ya Daktari alisema kama bibi. Bibi alipochoka alimwambia, "Nisaidie kidogo, mume mdogo," na yule mtoto wa kamasi akaendelea kusimulia, na hakuna aliyetikisika mkekani. Mimi wakati huo nilikuwa nimeanza kuota Kiingereza. Bibi akiniuliza kwa Kiswahili, Kiingereza ndicho kilichotangulia ulimini.

Mama akamaliza masomo yake ya uuguzi, akapata kazi Houston. Tulitakiwa kuhama sote. Bibi akakataa. "Nimehama vya kutosha. Anayenitaka anajua nilipo." Mama alibembeleza, akakasirika, akalia, na bibi akabaki Dallas na mjomba. Mimi hakuna aliyeniuliza.

Siku ya kuondoka ilikuwa Jumamosi, na mchana ule bibi alizima televisheni mapema, kabla hata ya mienge. Alitusimulia Mgeni alivyotembea mpaka akafika kwenye jengo lenye ngazi za chuma. Akapanda, ngazi zikalia. Akafika kwenye mlango wa kijani. Ndani alisikia mfuniko wa sufuria ukicheza kwa mvuke, na harufu ya maharage ikapita chini ya mlango, na mtu akawa anaimba wimbo wa kanisani. Nilipiga kelele, "Bibi, huo ni mlango wetu!" Akasema milango inafanana. Mgeni akainua mkono, akagonga. Hapo honi ya gari ikalia kule chini, na mama akaniita. "Ya leo imeishia hapo," bibi akasema. "Ukirudi nitakwambia nani alifungua." Nilishuka zile ngazi vumbi la maharage likiwa bado mikononi. Mtoto wa jirani alibaki kwenye kigoda.

Houston tulimpigia bibi kila Jumapili baada ya misa. Kila Jumapili niliuliza nani alifungua, na kila Jumapili alinijibu kwamba kwenye simu watu wanajuliana hali, hadithi haipiti kwenye waya. "Njoo Jumamosi." Lakini mama alikuwa amepangiwa kazi za mwisho wa juma, kama wauguzi wageni wanavyopangiwa. Dallas tulikwenda Krismasi, tulikwenda ubatizo wa mtoto wa mjomba, nyumba imejaa watu na sufuria, bibi anashughulika na wageni, televisheni imefunikwa kitambaa. Na kwenye simu, nyuma ya sauti yake, nilimsikia yule mwenzangu akisogeza kigoda. Nilimsikia akicheka. Nilijua kwamba yeye tayari anajua nani alifungua, anajua na yaliyofuata, anajua Mgeni alipewa chakula gani. Wazee husema wivu ni wa kilicho chako na kijicho ni cha kilicho cha mwenzio. Mimi nilikuwa navyo vyote viwili, tena kwa mtu mmoja.

Bibi alifariki nilipokuwa sekondari. Msibani akina mama walitaka kujua kitenge alichotaka bibi kuzikwa nacho kiko wapi, na rozari yake ya mbao. Hawakuniuliza mimi. Walimuuliza Mume Mdogo, naye alijua, akaenda moja kwa moja kwenye begi chini ya kitanda. Alilia kwa sauti pale kaburini, bila haya. Mimi nilisimama nimekaza meno, nikimwonea wivu hata kilio. Hatukusemeshana, na miaka ikapita.

Leo nafanya kazi maabara ya hospitali, navaa koti jeupe, nazungusha damu za watu kwenye mashine. Bibi angenicheka mpaka adondoke. Binti yangu nimemsimulia habari za Daktari na Mgeni, kwa Kiswahili changu hiki kilichochakaa, naye ananijibu kwa Kiingereza kama ilivyo kawaida ya watoto wa hapa. Namfikisha mpaka mlangoni, Mgeni anagonga, na hapo nakwama. Nimejaribu kumdanganya. Nilimwambia alifungua mzee mmoja, akakataa. Nikamwambia alifungua polisi, akanitazama kama nimemtukana. "That's not it, Baba." Mtoto anaujua mwisho wa kubandika. Ndiyo maana pale maktaba, nilipomwona yule mwanamume wa ndevu, wivu wangu ulikuwa na kazi ya kufanya. Mtu pekee duniani aliyekuwa na mwisho wa hadithi ya bibi yangu alikuwa hatua chache mbele yangu.

Na alikuwa mzuri, rafiki yangu. Acha niseme, ingawa linanichoma. Watoto wa Kikongo, wa Kirundi, wa Kikenya walikuwa wamenyamaza, hata wale wanaojifanya hawajui Kiswahili. Mama mmoja Mkenya aliyevaa sare ya hospitali alikuwa anajifuta machozi ya kicheko. Binti yangu alinivuta sikio akaninong'oneza, "He's better than you." Ni bora kuliko mimi! Hivyo ndivyo mtoto wangu alivyosema, na alisema kweli.

Mwenge wa kwanza ulipotokea kwenye pazia, akasimamisha picha. Watu wakanung'unika, wengine wakadhani mashine imeharibika. Akawasha taa, akawageukia. Mikono aliiweka mapajani kana kwamba ameshika sinia. Akawasimulia mlango wa nyuma, mto, njia ndefu. Akawapandisha ngazi za chuma. Akawafikisha kwenye mlango wa kijani. "Akainua mkono," akasema, "akagonga. Ya leo imeishia hapo."

Watu walipiga makofi, wakaenda kwenye maandazi na juisi. Mimi nilikwenda kwake. Sikumsalimia, nami nimesoma nikasahau. Nilimwambia, "Nani alifungua?"

Uso wake ukafunguka. "Yaya! Njo weye? Bwana mukubwa wa Koko?" Kwao yaya ni kaka mkubwa, Koko ni bibi, na bwana ni mume. Alitaka kunikumbatia, nikabaki nimesimama kama mti.

"Hawa wafiche," nikamwambia. "Mimi usinifiche. Ni bibi yangu. Nani alifungua mlango?"

Akaacha kucheka. "Yaya, mi sijue."

"Ulikaa naye miaka yote ile!"

"Nilikaa, ndiyo. Kila samedi, kila Jumamosi, nilikuwa namuomba: Koko, fungua basi ule mulango. Anakataa. Ananipa ya Daktari, ya mapacha, ya nyani, zote. Lakini ile ya mulango, hapana. Anasema, ile haiko yako, ni ya bwana yangu wa Houston. Akirudia siku ya samedi, nitafungua." Alishika kiti, akakaa. "Weye unajua vile nilikuwa nakuchukia? Mi nashika antenne, mi nachambua maharage, na weye hauko, na bado njo bwana mukubwa. Mi nilizania kwenye telefone alikuambiaka. Nilizania weye uko nayo. Njo maana naishiaka pale. Nilisema siku moja utasikia, utakuja kunimalizia."

Basi tukakaa pale, wanaume wawili wazima wenye wivu, kila mmoja amemwonea mwenzake kijicho miaka yote kwa kitu ambacho hakuna aliyekuwa nacho. Binti yangu alituletea andazi, moja, akatuambia tugawane. Nililikata katikati nikampa nusu yake. Tulizungumza mpaka watu wa maktaba walipoanza kukunja viti. Aliniambia anafanya kazi ghalani, anapakia mizigo, na anaposimulia anaona kabisa kidole cha bibi kikimgonga goti pale anapokwenda mbio. Hata kidole hicho nilimwonea wivu.

Njiani kurudi Katy, foleni imesimama na jua liko usoni, binti yangu aliniuliza kama nimempata aliyefungua. Nilimwambia hakuna anayejua. Nilitegemea akasirike. Badala yake aliuliza, "So he's still there?" Nikamwambia ndiyo. Bado yuko pale.

Vickery Meadow nilipita mwaka juzi. Jengo limepakwa rangi nyingine, mlango si wa kijani tena, na dirishani pa antena pana pazia la watu nisiowajua. Mjomba amehamia jimbo lingine kufuata kiwanda. Sinema zile sasa zipo kwenye simu, zote, safi, unaweza kutazama mienge mpaka mwisho, na hakuna wa kukuzimia. Watoto wa mkekani tumetawanyika. Katika sisi sote wa maharage yale, aliyebaki ni Mgeni peke yake. Yeye hajachelewa. Amesimama juu ya ngazi, mkono bado uko mlangoni, mfuniko wa sufuria unacheza kwa mvuke, na ndani bibi yangu anaimba, anajifuta mikono kwa kitenge, anakuja kufungua. Mume mdogo nimeshamsamehe. Mgeni, ambaye bibi anamfungulia, sijaweza.